Adabu za ukimya kwenye meli za kitalii

Adabu za ukimya kwenye meli za kitalii ni kanuni, zilizoandikwa na zisizoandikwa, zinazoongoza matumizi ya sauti katika sehemu za meli zilizotengwa kwa ajili ya watu wazima wanaotaka kupumzika bila makelele. Sehemu hizo huwa na viti vya kulalia, vivuli, bwawa dogo au jakuzi, na kwa kawaida watoto hawaruhusiwi kuingia. Abiria huenda huko kusoma, kusinzia, kutazama bahari au kuzungumza kwa sauti ya chini.

Kanuni hizo hufanana katika kampuni nyingi: mlio wa simu huzimwa, muziki husikilizwa kwa hedifoni, na mazungumzo hayapaswi kuvuka kiti cha jirani. Hata hivyo, ukimya wa sehemu hizo haulindwi na sheria yenye vipimo. Hakuna mkataba wa kimataifa unaowawekea abiria kikomo cha sauti, na sharti la umri huwazuia watoto tu. Sauti zinazobaki ni za watu wazima wenyewe. Kwa sababu hiyo utulivu hutegemea zaidi makubaliano ya watu wanaoitumia sehemu hiyo kuliko bango lililowekwa mlangoni.

## Maana na mipaka

Meli kubwa ya kitalii hubeba maelfu ya watu katika eneo dogo. Kwenye sitaha ya bwawa kuu huwa kuna muziki, michezo, skrini kubwa, matangazo na watoto wanaocheza majini. Sehemu ya ukimya hutengwa mbali na bwawa hilo, mara nyingi upande wa omo (mbele ya meli) au wa tezi (nyuma ya meli), kwenye sitaha ya juu au karibu na spa.

Kuna aina tatu za mahali ambazo mara nyingi huchanganywa:

* Sehemu ya ukimya ya watu wazima. Hapa umri na sauti vyote vina masharti. Muziki wa jumla haupo, au hupigwa kwa sauti ndogo sana.
* Sehemu ya watu wazima yenye burudani. Hapa umri una sharti, lakini sauti haina. Kunaweza kuwa na baa, muziki na hata DJ. Mfano ni Hideaway katika meli ya Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, ambayo ina bwawa la watu wazima pamoja na muziki wa DJ.
* Meli nzima ya watu wazima. Kampuni nyingine hazipokei watoto kabisa. Meli ya Arcadia ya P&O Cruises ya Uingereza imekuwa ya watu wazima pekee tangu ilipoanza kazi mwaka 2005, na Aurora ya kampuni hiyohiyo ilifuata mwaka 2019. Virgin Voyages, iliyoanza safari zake mwaka 2021, hupokea abiria wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kutokuwepo kwa watoto hakuifanyi meli kama hiyo kuwa kimya. Nyingine zinajulikana kwa disko na sherehe zake.

Tofauti hizi ni chanzo cha kutoelewana. Abiria anayesoma "watu wazima pekee" anaweza kudhani ameahidiwa ukimya, na mwingine akadhani ameahidiwa uhuru wa kunywa na kucheka bila watoto karibu. Wote wawili wanaweza kuwa wamelisoma bango lilelile.

## Historia

Nafasi za utulivu zilikuwepo melini kabla ya utalii wa kisasa. Meli kubwa za abiria zilizovuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa na maktaba na vyumba vya kusomea vya daraja la kwanza. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na chumba maalumu cha kusomea na kuandikia barua. Nje kwenye sitaha, abiria walikodi viti vya kulalia na mablanketi, na wahudumu waliwapelekea supu ya moto. Utulivu huo ulitokana na mgawanyo wa madaraja: waliokuwa na tiketi ya bei nafuu hawakuruhusiwa kufika hapo.

Mwaka 1891 meli ya Kijerumani Augusta Victoria ilifanya safari ya matembezi katika Bahari ya Mediteranea, na mwaka 1900 ilishushwa majini Prinzessin Victoria Luise, ambayo huhesabiwa kuwa meli ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa utalii wa aina hiyo. Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, meli zilipoteza abiria waliotaka tu kufika upande wa pili. Kampuni zilizoanzishwa baadaye, zikiwemo Norwegian (1966), Royal Caribbean (1968) na Carnival (1972), ziliifanya safari yenyewe kuwa likizo.

Biashara hiyo ilipokua, familia nzima zilianza kusafiri pamoja. Meli zikajengewa mabwawa ya watoto, mabomba ya kuteleza na viwanja vya michezo. Hapo ndipo hitaji la kutenga sehemu za watu wazima lilipojitokeza wazi. Disney Magic, iliyoanza safari mwaka 1998 ikiwa meli ya familia, ilikuwa na bwawa la watu wazima lililoitwa Quiet Cove. Mwaka 2006 Princess Cruises ilizindua Crown Princess ikiwa na The Sanctuary, sehemu ya nje ya mapumziko yenye vivuli, wahudumu wake na ada ya kuingia. Katika miaka hiyohiyo ya 2000 Carnival ilianzisha sehemu iitwayo Serenity, isiyotozwa ada.

Ukubwa wa meli umeliongeza hitaji hilo. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina ukubwa wa zaidi ya tani za ujazo 248,000 na inaweza kubeba abiria 7,600 ikijaa.

Badiliko jingine ni la mawasiliano. Zamani simu ya mkononi ilikuwa na kazi ndogo katikati ya bahari, kwa kuwa intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2022 Royal Caribbean ilitangaza kwamba ingetumia huduma ya Starlink katika meli zake, na kampuni nyingine zimefanya vivyo hivyo. Abiria sasa anaweza kupiga simu ya video akiwa amejilaza kwenye kiti. Kwa hiyo kanuni za simu, ambazo zamani hazikuwa na uzito, zimekuwa sehemu kuu ya adabu za ukimya.

## Mifano ya sehemu hizo

Masharti ya umri na malipo hutofautiana kwa kampuni na hata kwa meli:

* Solarium (Royal Caribbean): bwawa na viti, katika meli nyingi chini ya paa la kioo, kwa kawaida umri ni kuanzia miaka 16, bila ada.
* Serenity (Carnival): viti, vivuli na jakuzi, umri ni kuanzia miaka 21, bila ada.
* The Sanctuary (Princess Cruises): sehemu ya nje inayolipiwa kwa nusu siku au siku nzima, ni ya watu wazima.
* Quiet Cove (Disney): bwawa la watu wazima, umri ni kuanzia miaka 18, bila ada.
* Vyumba vya joto na mapumziko vya spa (kampuni nyingi): huwa na vitanda vya vigae vilivyopashwa moto, sauna na vyumba vya mvuke, mara nyingi hulipiwa, na ndiyo mahali ambapo ukimya hutazamiwa zaidi.

Ada hubadilisha matarajio. Aliyelipa ili apate utulivu huona kila kicheko kuwa hasara ya fedha zake. Kwa upande mwingine, sehemu inayolipiwa huwa na watu wachache na wahudumu wa kudumu, hivyo kanuni zake hulindwa kwa urahisi zaidi kuliko zile za sehemu ambayo kila mtu anaweza kupita.

## Kwa nini sauti ndogo husumbua

### Umbali na nyuso ngumu

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia takriban desibeli 60 kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi: 54 kwa mita 2, 48 kwa mita 4, na 42 kwa mita 8. Binadamu kwa kawaida huhisi kwamba sauti imepungua kwa nusu pale inaposhuka kwa desibeli 10. Hii ina maana kwamba kuhama viti viwili au vitatu hakumwondolei mtu mazungumzo ya jirani. Husaidia kidogo tu.

Ndani ya meli hali ni ngumu zaidi. Chuma, vigae na kioo hurudisha sauti badala ya kuimeza, na uso wa maji ya bwawa hufanya vivyo hivyo. Chini ya paa la kioo, sauti ya mtu mmoja husikika mbali kuliko ambavyo ingesikika kwenye sitaha ya wazi. Huko nje upepo huibeba sauti kuelekea unakovuma, na kundi lililokaa upande upepo unakotoka linaweza kusikika vizuri na watu ambao halioni.

### Maneno na nusu ya mazungumzo

Si kila sauti husumbua kwa kiwango kimoja. Mvumo wa injini, feni na mawimbi ni wa mfululizo, na ubongo huuzoea; watu wengi hulala vizuri wakiusikia. Usemi wenye maneno yanayoeleweka ni tofauti, kwa sababu msikilizaji huufuata hata asipotaka. Ndiyo maana mnong'ono unaoeleweka unaweza kumkatiza msomaji kuliko mvumo wenye nguvu zaidi.

Mazungumzo ya simu huongeza tatizo. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Psychological Science utafiti kuhusu watu waliosikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Utendaji wa watu hao katika kazi inayohitaji umakini ulishuka, ilhali kusikia pande zote mbili hakukuwa na athari hiyo. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba nusu ya mazungumzo haitabiriki, na ubongo huendelea kujaribu kukisia upande usiosikika.

### Athari ya Lombard

Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu hupaza sauti bila kukusudia anapozungumza mahali penye kelele. Athari hiyo hueleza jinsi sehemu tulivu inavyoharibika polepole. Kundi moja linapozungumza kwa sauti ya kawaida, kundi la pili hupaza kidogo ili lisikilizane, na la kwanza nalo hupaza zaidi. Baada ya muda sehemu nzima ina kelele, na hakuna mtu anayejiona kuwa ndiye aliyeanza.

Jakuzi ni mfano mzuri. Mapovu yake hutoa mvumo unaoziba masikio ya waliomo majini, kwa hiyo huzungumza kwa nguvu ili wasikilizane. Waliolala mita chache kutoka hapo husikia maneno juu ya mapovu. Mapovu yakizima ghafla, waliomo majini hugundua kwamba walikuwa wakipiga kelele.

## Kanuni za kawaida

Kanuni zifuatazo hupatikana katika sehemu nyingi za ukimya, ama kwenye mabango ama katika mazoea ya abiria:

* Simu. Mlio huzimwa, pamoja na sauti za kibodi, michezo na ujumbe. Anayepokea simu hutoka nje ya eneo kabla ya kuzungumza. Kuweka simu kwenye spika au kupiga simu ya video huhesabiwa kuwa kosa hata kama mazungumzo ni mafupi.
* Muziki na video. Husikilizwa kwa hedifoni tu, kwa kiwango ambacho jirani hasikii. Spika zinazobebeka hazitumiki. Carnival imeziweka spika za bluetooth katika orodha ya vitu ambavyo abiria hawaruhusiwi kuvileta melini kabisa.
* Mazungumzo. Kuzungumza hakukatazwi katika sehemu nyingi za nje; kinachotakiwa ni sauti ya chini. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mtu wa kiti cha tatu asiweze kuyafuata maneno. Katika vyumba vya mapumziko vya spa kanuni huwa kali zaidi, na ukimya kamili hutarajiwa.
* Makundi. Watu sita walioketi pamoja huwa na kelele kuliko jozi tatu zilizotawanyika, hata wakiwa waungwana. Makundi hushauriwa kutumia baa au sitaha nyingine kwa maongezi marefu.
* Kuitana. Mtu hamwiti mwenzake kutoka upande wa pili wa bwawa, humwendea.
* Majini. Kuruka majini kwa kishindo, kurushiana mpira na kupiga maji ni mambo ya bwawa kuu.
* Viti. Kuburuta viti sakafuni hutoa mlio mkali unaosafiri hadi vyumba vya sitaha ya chini. Kiti huinuliwa. Kushika viti kwa taulo na kuondoka si kosa la kelele, lakini ni chanzo cha ugomvi ambao huishia kuwa kelele.
* Vinywaji. Anayeagiza humsubiri mhudumu afike au huenda kwenye kaunta, badala ya kumpigia makofi au kupaza sauti.
* Watoto. Mtoto haingizwi hata kwa dakika chache, hata akiwa amelala. Mzazi anayemtafuta mwenzake huacha ujumbe kwa mhudumu au kumsubiri mlangoni.

Kukoroma hakuhesabiwi kuwa kosa, kwa kuwa aliyelala hana uwezo nako. Mwenza wake anaweza kumgusa ili abadili ubavu. Asiye na uhusiano naye kwa kawaida huhama.

## Sauti zisizozuiliwa

Sehemu ya ukimya haijitengi na uendeshaji wa meli. Kuna sauti ambazo hakuna abiria anayeweza kudai zikomeshwe, na nyingine ni za lazima kwa usalama wa maisha.

Ishara ya dharura ya jumla ni milio mifupi saba au zaidi ikifuatwa na mlio mmoja mrefu. Husikika kila mahali, na anayeisikia huacha mapumziko na kwenda kituo chake cha kukusanyikia. Mazoezi ya usalama nayo ni ya lazima. Baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 1 Januari 2015 abiria wapya wanatakiwa kupewa mazoezi hayo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Honi ya meli ni sauti nyingine. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, meli inayosonga kwa nguvu ya injini kwenye ukungu hupiga mlio mmoja mrefu, wa sekunde 4 hadi 6, kwa vipindi visivyozidi dakika 2. Honi ya meli yenye urefu wa mita 200 au zaidi inapaswa kufikia desibeli 143 inapopimwa umbali wa mita 1. Kwa kuwa honi huwekwa juu na sehemu nyingi za ukimya ziko kwenye sitaha za juu, asubuhi ya ukungu inaweza kuziondoa kabisa katika matumizi ya kupumzika.

Matangazo ya nahodha, kazi za matengenezo na usafishaji, na upepo mkali pia huingia katika kundi hili. Kampuni hujaribu kupanga matengenezo wakati ambapo abiria wengi wako bandarini, lakini kuzuia kutu ni kazi isiyokoma kwenye meli.

## Sheria na viwango

Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lina kanuni za viwango vya kelele melini. Toleo la kwanza lilipitishwa mwaka 1981 likiwa la kupendekeza. Toleo jipya lilipitishwa mwaka 2012 na kuwa la lazima tangu 1 Julai 2014, kupitia mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, kwa meli mpya zenye ukubwa wa tani za ujazo 1,600 au zaidi. Kwa meli zenye tani 10,000 au zaidi, kikomo ni desibeli 55 katika vyumba vya kulala vya mabaharia, 60 katika vyumba vyao vya burudani, na 75 katika sehemu zao za mapumziko za nje.

Kanuni hizo ziliwekwa ili kulinda masikio na usingizi wa mabaharia. Zenyewe zinasema hazikusudiwi kutumika katika vyumba na sehemu nyingine za abiria, isipokuwa pale ambapo sehemu hizo ni mahali pa kazi. Pia hupima kelele za mitambo, wala si vicheko vya watu.

Kwa upande wa abiria, wajenzi wa meli hutumia viwango vya hiari vya mashirika yanayokagua meli, kama vile Lloyd's Register na DNV, ambayo hutoa vyeti vya starehe kwa kupima kelele na mtikisiko. Vyeti hivyo huonyesha kwamba injini na feni ziko kimya. Havisemi lolote kuhusu aliyekaa kiti cha pili akizungumza na simu.

Kinachobaki ni mkataba wa tiketi. Abiria anaponunua safari hukubali kufuata kanuni za mwenendo za kampuni, na nahodha ana mamlaka ya kumzuia au kumteremsha anayevuruga usalama au amani ya wengine. Mamlaka hayo ni kwa ajili ya makosa makubwa kama vile kupigana. Kati ya bango la mlangoni na uamuzi wa nahodha kuna pengo pana, na pengo hilo ndilo hujazwa na adabu.

## Utekelezaji na nafasi ya wahudumu

Kwa kawaida anayetakiwa kulinda ukimya ni mhudumu wa sitaha au wa baa. Nafasi yake ni ngumu. Katika kampuni nyingi kipato chake hutegemea kwa sehemu bakshishi, ambayo huingizwa kila siku katika hesabu ya abiria au kutolewa mkononi, na mwisho wa safari abiria huombwa kutathmini huduma. Mtu anayetakiwa kumnyamazisha mgeni ndiye pia anayemtegemea mgeni huyo. Zaidi ya hayo, mhudumu hutazamiwa kuuza vinywaji, na anayekunywa zaidi huelekea kuzungumza kwa sauti zaidi.

Kwa sababu hizo wahudumu wengi huanza kwa njia zisizo za moja kwa moja: kupita karibu na kundi, kuuliza kama wanahitaji chochote kwa sauti ya kunong'ona, au kuweka kadi ndogo ya ukumbusho mezani. Onyo la wazi huja baadaye. Likipuuzwa, suala hupelekwa kwa msimamizi au kwa walinzi wa meli.

Mpangilio wa mahali nao husaidia. Mlango unaojifunga, ngazi ya kupanda, mimea, mapazia na viti vilivyotengana hupunguza kelele bila mtu yeyote kuonywa. Sehemu iliyo kwenye njia ya kwenda mkahawani haiwezi kuwa kimya hata ikiwa na mabango kumi.

## Namna ya kumkumbusha mwenzako

Mizozo mingi huweza kuzuilika kutokana na jinsi ombi la kwanza linavyotolewa. Mambo yafuatayo hushauriwa:

* Kusubiri kidogo. Mtu aliyeingia sasa hivi huenda hajaliona bango.
* Kumwendea na kusema naye karibu, badala ya kumpazia sauti kutoka mbali au kumpigia "shh" mbele ya watu. Aibu ya hadharani huzaa ubishi.
* Kutaja mahali badala ya tabia yake. "Samahani, hapa ni sehemu ya ukimya" hupokelewa vizuri kuliko "una kelele".
* Kumwita mhudumu ikiwa anayepiga kelele amelewa, yuko katika kundi kubwa au amekwisha kukataa mara moja.
* Kutompiga picha wala kumrekodi mtu ili kumwaibisha.

Anayekumbushwa naye ana wajibu wake. Jibu linalotosha ni kuomba radhi kwa ufupi na kupunguza sauti au kuhama.

## Mabishano

Swali linalojadiliwa zaidi ni kama umri ni kipimo sahihi. Wanaounga mkono husema ni kipimo rahisi, kisichohitaji mhudumu kuhukumu tabia ya mtoto mmojammoja, na kwamba wazazi wenyewe huhitaji mahali pa kupumzika. Wanaopinga husema kijana wa miaka 15 anayesoma kitabu ni mtulivu kuliko watu wazima wanne wenye chupa, na kwamba sharti la umri huwafanya watu wazima waamini kuwa hakuna sauti yao inayoweza kuwa kelele.

Suala la pili ni usikivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na hali hiyo huongezeka kwa umri. Abiria wa meli za kitalii mara nyingi ni wazee. Mtu asiyesikia vizuri hupaza sauti bila kujua, na mwenza wake hulazimika kufanya hivyo ili asikike. Kumchukulia kuwa mkorofi ni kumwonea. Njia zinazosaidia ni kumpatia kiti cha pembeni, kukaa uso kwa uso, au kuandikiana kwenye simu.

La tatu ni tofauti za malezi. Kiwango cha sauti kinachohesabiwa kuwa cha heshima hakifanani katika kila jamii. Katika nyingine, kukaa karibu na watu bila kuwasalimu ni utovu wa adabu. Katika nyingine, salamu kwa mtu aliyefumba macho ndiyo usumbufu. Meli hukusanya watu wa mataifa mengi ambao hawakulelewa katika kanuni moja, na hukaa pamoja kwa siku chache tu. Bango lililo wazi, lenye picha na lugha zaidi ya moja, huwasaidia kuliko neno "utulivu" pekee, ambalo kila mmoja hulitafsiri kwa kipimo cha kwao.

La mwisho ni haki ya nafasi. Sehemu za ukimya zinazolipiwa zinapoongezeka, sitaha iliyo wazi kwa wote hupungua. Wakosoaji huona kuwa huko ni kurudia mgawanyo wa madaraja wa meli za zamani, ambapo utulivu ulikuwa mali ya wenye uwezo. Watetezi hujibu kwamba sehemu zisizolipiwa bado zipo katika meli nyingi. Kwa abiria asiyeweza kulipa ada, sehemu hizo za bure ndizo tegemeo pekee la utulivu nje ya chumba chake, na chumba cha bei nafuu mara nyingi hakina dirisha.

## Tazama pia

* Meli
* Utalii
* Sauti
* Desibeli
* Uchafuzi wa kelele
* Shirika la Kimataifa la Bahari